Nywele Zinapopungua Utosini: Kinachotokea Chini ya Ngozi na Kinachotibika

Mwanamume kwa kawaida huwa mtu wa mwisho kugundua kwamba nywele za utosini mwake zinapungua. Kioo cha nyumbani humwonyesha paji la uso na panja, lakini hakimwonyeshi sehemu ya juu ya kichwa, mpaka siku kinyozi amshikie kioo cha pili kwa nyuma au mtu ampige picha akiwa ameinama, ndipo anapoona ngozi ikichungulia mahali alipodhani pana nywele. Kuanzia hapo huanza mbio za kutafuta dawa: mafuta ya nyonyo, juisi ya kitunguu, vidonge vya vitamini, chupa iliyoagizwa mtandaoni. Wengi hutumia pesa na miezi kadhaa kutibu hali ambayo hawajaitambua, na hilo ndilo lililonisukuma kuandika makala haya. Utosi ni mojawapo ya sehemu mbili ambako upara wa kawaida wa kiume huanzia, lakini pia ni mahali ambako baadhi ya magonjwa yanayoua kabisa vinyweleo hupenda kuanzia. Upara wa kawaida huenda polepole na una dawa. Magonjwa hayo humwondolea mtu nywele moja kwa moja yasipozuiwa mapema. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza inunuliwe dawa gani, inafaa kuuliza kama vinyweleo vya mahali pale bado viko hai.

Kinyweleo ni kijishimo kilichozama ndani ya ngozi ambamo unywele huota. Kichwa cha binadamu huwa na nywele zinazokaribia 100,000, ingawa kwa watu wenye asili ya Afrika msongamano huwa mdogo kidogo, na kila unywele hupita katika mzunguko wake peke yake. Hukua kwa muda wa miaka miwili hadi sita, kisha kinyweleo hujifunga kwa wiki mbili au tatu, halafu hupumzika kwa takriban miezi mitatu kabla unywele wa zamani kuanguka na mpya kuchipua. Kwa kuwa mizunguko hiyo haiendi sambamba, mtu mwenye afya njema hupoteza nywele 50 hadi 100 kila siku bila kichwa chake kubadilika. Nywele chache kwenye kitana au kwenye mto wa kulalia, zikiwa peke yake, si dalili ya upara.

Katika upara wa kiume, jambo la kutazama ni aina ya nywele zinazorudi. Kila mzunguko mpya awamu ya kukua hufupika, kinyweleo husinyaa kidogo, na unywele unaotoka huwa mwembamba na mfupi kuliko uliotangulia, mpaka baada ya miaka kadhaa unafanana na nywele laini za malaika zinazoota mikononi. Kwa muda mrefu sana kinyweleo chenyewe hakifi. Kipo pale pale, kimedumaa, na ndiyo maana dawa zinazoanzwa mapema huweza kukirudishia sehemu ya nguvu zake. Kinachokidumaza ni homoni. Mwili hubadilisha sehemu ya testosteroni, homoni kuu ya kiume, kwa kutumia kimeng'enya kiitwacho 5-alfa-reduktesi, na kuifanya homoni kali zaidi iitwayo dihidrotestosteroni, au DHT kwa kifupi. Vinyweleo vya utosini na vya mbele ya kichwa, kwa mtu aliyerithi udhaifu huo, huathiriwa na DHT. Vile vya kisogoni na pembeni juu ya masikio kwa kawaida haviathiriwi, na hapo ndipo linapopatikana lile umbo la upara linalojulikana na kila mtu. Ikumbukwe kwamba mwenye upara si lazima awe na homoni nyingi za kiume kuliko mwenzake mwenye nywele tele. Tofauti yao iko kwenye ngozi ya kichwa na jinsi inavyoipokea homoni ileile, kwa hiyo upara hausemi lolote kuhusu nguvu za kiume za mtu, kwa kuzidi wala kwa kupungua.

Ujuzi huu ulipatikana kwa njia mbili ambazo naona zinastahili kusimuliwa, kwa sababu dawa za leo zimetokana nazo. Mwaka 1942 mtaalamu wa anatomia wa Marekani, James B. Hamilton, alichapisha uchunguzi wake kuhusu wanaume ambao korodani zao ziliondolewa au hazikufanya kazi tangu kabla ya balehe. Wanaume hao hawakuota upara. Walipopewa testosteroni, wale ambao katika ukoo wao kulikuwa na upara walianza kupoteza nywele; walipoacha kupewa, upotevu ulisimama, lakini nywele zilizokwisha kwenda hazikurudi. Mwaka 1974 daktari Julianne Imperato-McGinley na wenzake walieleza habari za watoto wa eneo la Salinas, katika Jamhuri ya Dominika, ambao walizaliwa wakionekana kuwa wasichana na walipofika balehe miili yao ikawa ya kiume. Watoto hao walirithi upungufu wa kile kimeng'enya cha 5-alfa-reduktesi. Walipokuwa watu wazima tezi dume zao zilibaki ndogo, ndevu zao zilikuwa chache, na hawakuwa na upara. Testosteroni walikuwa nayo ya kutosha; walichokosa ni DHT. Watengenezaji wa dawa walielewa mara moja kwamba kukizuia kimeng'enya hicho kunaweza kutibu kuvimba kwa tezi dume, na baadaye upara.

Kuhusu urithi, wapo wanaosema mtu aangalie babu mzaa mama ndipo ajue hatima ya nywele zake. Usemi huo una ukweli, kwa kuwa jeni ya kipokezi cha homoni za kiume iko kwenye kromosomu X ambayo mwanamume huipata kwa mama yake peke yake. Hata hivyo, jeni nyingine nyingi zinazochangia zimetawanyika kwenye kromosomu zilizobaki, kwa hiyo upande wa baba nao una sehemu yake. Kofia haihusiki. Wazee wa Unguja, Lamu na Muscat wamevaa kofia maisha yao yote, wengine wana upara na wengine wana nywele tele, kwani kinyweleo hupata hewa na chakula kupitia damu wala hakitegemei upepo wa nje. Kunyoa mara kwa mara nako hakuharibu wala hakuongezi wingi wa nywele.

Sasa nije kwenye hali zinazofanana na upara wa kiume lakini si wenyewe. Nyingine ni nyepesi kutambua. Baada ya malaria kali, homa ya matumbo, upasuaji mkubwa au kupungua uzito kwa haraka, nywele nyingi huingia katika mapumziko kwa pamoja, na miezi miwili au mitatu baadaye hupukutika kichwa kizima. Mara nyingi hurudi zenyewe pasipo dawa. Upara wa mabaka, unaotokana na kinga ya mwili kushambulia vinyweleo, hujitokeza ghafla kwa duara laini lenye mipaka. Mapunye huwasumbua zaidi watoto. Kaswende ya hatua ya pili, upungufu wa madini ya chuma na maradhi ya tezi ya thairoidi huweza kupunguza nywele pia, na vyote hivyo hugunduliwa kwa vipimo vya damu visivyo vya gharama kubwa.

Kundi linalonitia wasiwasi ni lile la magonjwa yanayoacha kovu. Humo kinyweleo hakidumai bali huchomwa na uvimbe wa ndani mpaka nafasi yake inajazwa na kovu, na kovu haliwezi kuotesha unywele. Lipo moja linaloanzia katikati ya utosi na kutanuka kwa mduara kuelekea pembeni. Huwapata zaidi wanawake wenye asili ya Afrika, lakini wanaume nao hupatwa, na kwa mwanamume ni rahisi mno kulidhania kuwa upara wa ukoo. Kwa miaka mingi lawama yote ilitupiwa vitana vya moto na dawa za kulainisha nywele. Kisha mwaka 2019 watafiti wakaonyesha kwamba baadhi ya wagonjwa wana mabadiliko katika jeni ya PADI3, inayohusika na uundaji wa unywele. Ugonjwa mwingine huanza kwa vipele vya usaha na magamba, halafu nywele kadhaa zikaanza kutoka katika tundu moja kwa vishungi, na katikati ya vishungi hivyo ngozi ikawa laini na tupu. Lupus ya ngozi, ugonjwa ambao kinga ya mwili huishambulia ngozi, nayo huacha mabaka yenye ukingo mweusi na katikati peupe. Magonjwa haya yana matibabu, kama vile antibiotiki, sindano za steroidi na dawa za kutuliza kinga ya mwili, lakini matibabu hayo huokoa vinyweleo vilivyobaki tu. Miezi sita ya kupaka mafuta huku uvimbe ukiendelea chini ya ngozi haifidiki.

Mtu anaweza kujikagua hatua ya kwanza nyumbani. Asinyoe kwa wiki mbili au tatu, kisha akae karibu na dirisha lenye mwanga wa kutosha, na mwenzake atenganishe nywele za utosini kwa vidole na kutazama ngozi kwa kioo cha kukuzia au kwa kamera ya simu iliyokuzwa. Katika upara wa kiume ngozi huwa na rangi yake ya kawaida, vitundu vya nywele bado huonekana, na nywele nene husimama jirani na nyembamba sana. Tofauti hiyo ya unene katika eneo dogo ndiyo alama kuu. Ikiwa ngozi inang'aa bila vitundu, au ina wekundu, weusi usio wa kawaida, magamba, usaha, mwasho unaochoma au maumivu, mtu asinunue kitu chochote dukani, aende kwa daktari wa ngozi. Daktari hutumia lenzi maalumu, na akiwa na shaka hukata kipande cha ngozi chenye upana wa milimita 4 hivi ili kipimwe maabara. Wataalamu wa ngozi ni wachache katika nchi zetu, lakini kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo Moshi, katika hospitali ya KCMC, kimekuwa kikiwaandaa tangu mwaka 1992 wahudumu kutoka nchi nyingi za Afrika, kwa hiyo hata hospitali ya mkoa huweza kuwa na mtu aliyefundishwa kuitambua tofauti hii.

Ikishathibitika kwamba ni upara wa kiume, dawa zenye ushahidi wa kutosha ni mbili, na zote mbili zimepimwa zaidi utosini kuliko sehemu nyingine yoyote ya kichwa. Ya kwanza ni minoksidili. Ilianza kama kidonge cha kushusha shinikizo la damu lililoshindikana kwa dawa nyingine, na Marekani iliiidhinisha kwa kazi hiyo mwaka 1979. Wagonjwa walioimeza wakaota nywele mahali wasipotarajia. Dawa ya kupaka ya asilimia 2 iliidhinishwa mwaka 1988, na baadaye ikafuata ya asilimia 5, ambayo kwa wanaume hufanya kazi vizuri zaidi. Mililita moja hupakwa kwenye ngozi kavu ya utosini, asubuhi na jioni, na si kwenye nywele zenyewe. Katika wiki za mwanzo nywele nyingi huanguka, jambo linalowafanya wengi waitupe chupa, ilhali mwanguko huo hutokana na vinyweleo kuanza mzunguko mpya na hupita. Matokeo hayaonekani kabla ya miezi minne, na hukumu ya haki hutolewa baada ya mwaka mmoja, kwa kulinganisha picha zilizopigwa mahali pamoja na kwa mwanga uleule. Anayeiacha hupoteza ndani ya miezi michache zile nywele ambazo dawa ilikuwa imezishikilia. Huweza kuleta mwasho, nywele usoni, na mara chache kizunguzungu au mapigo ya moyo kwenda mbio. Wenye paka nyumbani, nao ni wengi Lamu na Unguja, waiweke mbali kabisa, kwa sababu kiasi kidogo tu anachokilamba paka huweza kumuua. Madaktari wengine siku hizi huandika vidonge vya minoksidili vya dozi ndogo, lakini hivyo haviwafai watu wote, hasa wenye maradhi ya moyo, na havipaswi kuanzwa bila kupimwa.

Ya pili ni finasteraidi, ambayo hukizuia kile kimeng'enya na kushusha DHT ya damu kwa takriban asilimia 70. Kidonge cha miligramu 5 kiliidhinishwa Marekani mwaka 1992 kwa ajili ya tezi dume, na cha miligramu 1 kwa upara mwaka 1997. Katika majaribio ya wanaume 1,553 wa umri wa miaka 18 hadi 41 waliokuwa na nywele chache utosini, asilimia 83 ya waliomeza dawa kwa miaka miwili hawakupoteza idadi ya nywele waliyoanza nayo, wakati kwa waliopewa vidonge visivyo na dawa walikuwa asilimia 28. Nafuu hiyo kwa wengi ni kuusimamisha upara na kurudishiwa nywele kiasi, wala si kichwa cha ujana, na mtu anayeahidiwa zaidi ya hapo anadanganywa.

Tahadhari za finasteraidi zinahitaji kusemwa kwa ukamilifu, maana muuzaji wa duka la dawa mara nyingi hazitaji. Katika majaribio hayo kiasi cha wanaume 4 kati ya 100 walilalamikia matatizo ya tendo la ndoa, wakilinganishwa na 2 kati ya 100 waliomeza vidonge visivyo na dawa. Kwa wengi matatizo yaliisha, ila wapo wanaume walioripoti kwamba yaliendelea hata baada ya kuacha. Shirika la Dawa la Ulaya lilithibitisha mwaka 2025 kwamba mawazo ya kutaka kujiua ni miongoni mwa madhara yake, kwa hiyo mtu aliyewahi kuugua sonona amweleze daktari mapema, na anayeanza kujisikia vibaya rohoni aiache dawa na kutafuta msaada siku hiyohiyo. Finasteraidi pia hushusha kwa takriban nusu matokeo ya kipimo cha PSA, kile cha kuchunguza saratani ya tezi dume. Mwanamume asiyesema kwamba anaitumia anaweza kuambiwa majibu ni mazuri wakati si mazuri, na jambo hili ni zito kwetu kwa kuwa saratani hiyo huwasumbua sana wanaume wenye asili ya Afrika. Wapo wanaonunua kidonge cha miligramu 5 cha tezi dume na kukikata vipande vinne ili kupunguza gharama. Unga wa kidonge kilichovunjwa haufai kushikwa na mama mjamzito, kwa sababu huweza kuathiri sehemu za siri za mtoto wa kiume aliye tumboni. Anayetumia dawa hii asichangie damu mpaka upite mwezi mmoja tangu dozi ya mwisho. Dutasteraidi, ndugu yake mwenye nguvu zaidi, imeidhinishwa kwa upara Korea Kusini na Japani, na hudumu mwilini muda mrefu zaidi.

Dawa hizi mbili zikitumika pamoja hufanya kazi kuliko moja pekee. Baada ya hapo ushahidi hupungua kwa kasi. Mafuta ya nyonyo na ya nazi hulainisha unywele usikatike, lakini hayaigusi DHT. Juisi ya kitunguu ilipata sifa kutokana na utafiti mdogo wa Iraki uliochapishwa mwaka 2002, nao ulihusu upara wa mabaka, ambao mara nyingi hupona wenyewe. Bayotini humsaidia mwenye upungufu wa vitamini hiyo, hali iliyo nadra, na kwa dozi kubwa huvuruga baadhi ya vipimo vya damu, kikiwemo cha kugundua shambulio la moyo, jambo ambalo mamlaka ya dawa ya Marekani ilitahadharisha mwaka 2017. Krimu zenye steroidi kali, zilezile zinazouzwa kwa siri kwa ajili ya kujichubua, hazina nafasi utosini bila agizo la daktari, kwani hudhoofisha ngozi.

Upandikizaji wa nywele hutegemea uwezo wa kinyweleo kubaki na tabia ya mahali kilikotoka. Norman Orentreich, daktari wa ngozi wa New York, aliufanya kwa mara ya kwanza nchini Marekani mwaka 1952 na kuonyesha kwamba kinyweleo cha kisogoni kikihamishiwa kwenye upara huendelea kuota. Wanaume wetu wengi sasa husafiri kwenda Istanbul kwa ajili hiyo. Mambo matatu yaulizwe kabla ya kulipa. Nywele zetu zimejipinda hata chini ya ngozi, kwa hiyo mpasuaji asiyezizoea huzikata mizizi wakati wa kuzing'oa. Mwenye historia ya makovu yanayovimba anaweza kubaki na makovu hayo kisogoni. Na utosi hula nywele nyingi za kupandikiza huku upara ukiendelea kutanuka kuuzunguka, kwa hiyo kijana wa miaka 23 anayepandikizwa utosi bila kutumia dawa anaweza kufika miaka 40 akiwa na kisiwa cha nywele katikati ya ngozi tupu. Kovu ambalo ugonjwa wake bado unaendelea halipandikizwi kabisa.

Upara wa utosini una uhusiano pia na afya ya moyo. Utafiti wa maelfu ya madaktari wanaume wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2000, ulikuta kwamba wenye upara mkubwa wa utosini walipata maradhi ya mishipa ya moyo kwa asilimia 36 zaidi ya wasio na upara, wakati upara wa mbele pekee haukuonyesha tofauti ya maana. Upara hausababishi maradhi hayo, na kuota nywele hakumkingi mtu. Lakini mwanamume anayemwendea daktari kwa ajili ya utosi wake ana sababu nzuri ya kuomba apimwe presha, sukari na lehemu katika ziara hiyohiyo, hasa kama bado yuko chini ya miaka 50.

Wapo watakaoamua kunyoa kichwa chote na kuachana na dawa, nao wanafanya uamuzi ulio sahihi kabisa kiafya, mradi mashine ya kinyozi isafishwe kwa spiriti na wembe usipitishwe juu ya vipele. Ngozi iliyobaki wazi huhitaji kofia au mafuta ya kuzuia jua wakati wa mchana. Kwa mwenye ualbino ulinzi huo ni wa lazima, kwa kofia yenye ukingo mpana, na kidonda chochote cha utosini ambacho hakijapona ndani ya wiki nne kipelekwe hospitali.